Suruali ya Kukobolea Kahawa

Kiwanda kilijengwa kando ya barabara, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Ihanda, miaka ile ya tisini watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa. Kabla ya hapo kahawa yetu ilikuwa inapakiwa na maganda yake na kwenda kukobolewa mbali, hatujui wapi wala na nani. Sasa mashine ikawa yetu, na vumbi lake likawa letu. Asubuhi ukiteremka kilima uliona wingu la rangi ya udongo kabla hujaliona paa la kiwanda.

Nilianza kazi pale msimu wa pili. Mume wangu alikuwa fundi ujenzi, akifuata kazi zinakopatikana, Bukoba, Mwanza, hata Geita, na mimi nilikaa na watoto kwenye kibanja cha wazazi wake, shamba la migomba na kahawa. Baba mkwe alishafariki. Aliyebaki ni mama mkwe, mwanamke mrefu asiyesema sana, kiongozi wa kina mama katika usharika wetu wa Kilutheri. Hata gauni lake la shambani lilikuwa limepigwa pasi. Alikuwa na cherehani ya mkono, na nusu ya sare za shule za pale kijijini zilipita mikononi mwake. Nilipomwambia nataka kwenda kuomba kazi kiwandani, aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema, "Kazi si aibu. Nenda, watoto nitabaki nao." Basi nikaenda.

Nilipangwa nyuma ya mashine pamoja na kina mama wachache, nikawa jozi na mwanamke wa rika langu. Wazazi wake walitoka Rwanda yeye akiwa angali anabebwa mgongoni. Alikulia Rugu, akaolewa kijiji cha jirani na chetu. Runyambo chake, lugha yetu ya pale, kilikuwa na mvuto wa Kinyarwanda ambao kina mama waliupenda na kuuiga, naye akiwasikia wanamwiga anazidisha makusudi. Kazi yetu sisi wa nyuma ilikuwa kufagia pumba zinazotemwa na mashine, kuzijaza kwenye magunia na kuyaburuta hadi nje. Wanawake wengine walikaa kwenye meza ndefu chumba cha pili wakichambua kahawa iliyokobolewa. Wanaume walibeba magunia na kumimina kahawa kwenye mdomo wa mashine juu.

Kati ya injini ya dizeli na mashine kulikuwa na mkanda mpana wa ngozi ngumu, unazunguka kwenye magurudumu mawili ya chuma, wazi, usawa wa kiuno cha mtu. Njia yetu ya kutoka na magunia ilipita pembeni yake. Siku za kwanza nilipita nimebana pumzi. Baada ya mwezi nilikuwa naupita kama unavyompita mbwa wa jirani aliyekuzoea. Hakuna aliyetuambia tuvae nini. Tulivaa tulivyovaa shambani: gauni, kitenge kiunoni, kitambaa kichwani, ndala miguuni. Vumbi likizidi tunauma pembe ya kitambaa kwa meno na kuendelea.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, saa za asubuhi, msimu umekolea na magunia yamepangwa hadi mlangoni. Mwenzangu alitangulia na gunia lake, akiwa ameinama, akiliburuta kinyumenyume. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika ufagio. Alikuwa ananisimulia habari za mtoto wake aliyekataa kwenda kanisani bila viatu, na kwa kuwa injini ilipiga kelele, alikuwa anapaza sauti na kucheka pamoja. Fundo la kitenge chake lililegea. Ncha yake moja iliinuka kidogo tu, kama kitu kilichopulizwa na upepo, ikagusa mkanda.

Sikumwona akivutwa. Nilimwona yuko pale anacheka, kisha nikamwona yuko kwenye gurudumu, ubavu mmoja umebanwa na mguu umeingia chini ya mkanda. Hakupiga kelele, au alipiga na injini ikaimeza. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Fundi wa mitambo alikimbilia injini akaizima, lakini injini ile ilikuwa na gurudumu zito ambalo likishaanza kuzunguka halisimami kwa sababu mtu ameamua lisimame. Lilizunguka na kuzunguka. Nilimshika mwenzangu mikono nikavuta, na mkanda nao ukavuta. Kisha kitenge kikachanika.

Kilikuwa kitenge cha zamani sana. Alijifungulia nacho watoto, akabebea kuni, akaanikia mtama. Kilichanika kuanzia kwenye pindo hadi kiunoni, kikamwachia, tukaanguka wote wawili juu ya pumba. Kipande kilichobaki kiliendelea kuzunguka na mkanda, kikipiga pa, pa, pa, mpaka mashine iliposimama.

Mguu wake ulikuwa umevunjika juu ya goti na ngozi ya paja imechunika. Tulimpakia kwenye pikapu ya mwenye kiwanda, kichwa chake mapajani mwangu, tukampeleka hospitali ya misheni. Njiani alifumbua macho mara moja akaniuliza kwa Runyambo kama amefunikwa. Nilivua kitambaa cha kichwani nikamfunika nacho. Daktari, baada ya kumhudumia, alitoka akanikuta nimekaa kwenye benchi la nje. Akauliza alivaa nini. Nikamweleza. Akasema, "Kingekuwa kipya, tungekuwa tunaongea mengine."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nilikuwa na kitenge kipya sandukuni, zawadi ya mume wangu kutoka Mwanza, kizuri, kigumu, cha nta. Nilikuwa nakitunza kwa ajili ya Krismasi.

Mwenye kiwanda hakuwa mtu mbaya. Alifunga kiwanda kwa muda, akaenda hospitali kila alipoweza, na aliporudi kutoka safari ya Mwanza alikuja na shehena. Fundi alitengeneza kizimba cha nondo na wavu wa chuma kuzunguka mkanda. Ndani ya mabunda kulikuwa na mabuti ya mpira, glavu, vitambaa vya kuziba pua na mdomo, hivi ambavyo siku hizi kila mtu anaviita barakoa, na ovaroli za bluu. Tulikusanywa uani. Msimamizi akasema kuanzia Jumatatu hakuna atakayeingia chumba cha mashine bila ovaroli, awe mwanamume awe mwanamke, na kitenge kibaki nje.

Wanaume walichukua zao wakaanza kuzijaribu palepale. Sisi tulizikunjua tukazitazama. Ovaroli ni suruali. Na sijui kama mtu asiyeishi kule miaka ile anaweza kuelewa uzito wa jambo hilo. Mwanamke aliyevaa suruali tulimjua kwa kusikia tu: wa mjini, wa baa. Pale kwetu mwanamke aliyeolewa hakuvuka hata ua wake bila kitenge juu ya gauni. Mmoja wa kina mama aliipinda ile ovaroli haraka akaificha chini ya kwapa, kama mtu aliyepewa kitu cha wizi.

Nilifika nayo nyumbani, nikapiga magoti kumsalimia mama mkwe kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

Nikamwonyesha. Aliishika kwa mabega, akainyanyua juu, miguu yake ikaning'inia. Akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, akanirudishia.

"Hii si yako," alisema. "Warudishie."

"Wamesema asiyevaa asije."

"Basi usiende."

Hapakuwa na ubishi katika sauti yake, na mimi sikuwa nimezoea kubishana naye. Jumatatu nilikwenda nikiwa nimevaa ovaroli ndani na kitenge juu. Nilifika nikakuta wenzangu karibu wote wamefanya vilevile bila kupatana. Msimamizi alituangalia tulivyojipanga mlangoni, akashika kiuno.

"Sasa kina mama, hicho kitenge si ndicho kilichotuleta hapa?"

Mwanamke mmoja wa makamo, Mkatoliki kutoka upande wa Igurwa, akasema taratibu kwamba mume wake amemwambia akionekana na suruali barabarani asirudi kwake. Mwingine akasema angevaa, lakini anajiuliza akifika kisimani watamwitaje. Msimamizi akasema yeye ametumwa tu, na asiyetaka akae nje. Tukakaa nje, chini ya ukuta, tukiwasikiliza wanaume wakifanya kazi yetu vibaya. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Ikaanza kusikika kwamba mwenye kiwanda atachukua vijana wa kiume badala yetu.

Nikiwa nimekaa chini ya ule ukuta niliwaza sana. Tulikuwa tumemwona mwenzetu akimezwa na mashine. Mimi nilikuwa nimeshikana naye mikono. Na bado, nilipofikiria kutembea barabarani na miguu miwili inayoonekana, niliogopa kuliko nilipoufikiria ule mkanda. Sikujiona mjinga wakati huo, na hata leo sijioni. Mkanda ungeweza kukuua au usikuue. Maneno ya watu yalikuwa ya hakika.

Mwenzangu alikuwa amesharudishwa nyumbani na mguu wake kwenye plasta. Mama mkwe akasema twende tukamwone. Tulibeba mkungu wa ndizi na maziwa. Tulimkuta amelazwa kwenye mkeka uani, amedhoofu, lakini alipomwona mama mkwe alijaribu kuinuka amsalimie ipasavyo.

"Lala, mwanangu," mama mkwe alisema, akakaa chini karibu naye, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nyumba ya watu.

Waliongea habari za watoto, za mvua, za senene, wale panzi wa kuliwa, ambao mwaka ule walichelewa. Kisha mama mkwe akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama anamuuliza mgonjwa habari za siri, "Ulipovutwa, uliwaza nini?"

Mwenzangu alishika pindo la shuka alilojifunika.

"Niliwaza kuhusu kitenge, mama. Nilikuwa nakiombea kichanike. Kitenge changu mwenyewe."

Mama mkwe alimfunika vizuri miguu, tukaaga. Tulipofika njia panda, badala ya kugeukia nyumbani, alishika barabara ya kiwandani. Nikamfuata.

Hakuwa amewahi kufika pale kabla ya siku hiyo. Alimsalimia msimamizi, akasema amekuja kuiona mashine. Msimamizi, ambaye alikuwa anamjua kutoka usharikani, hakuweza kumkatalia mtu kama yule. Akamwita fundi. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine, kitenge chake amekikusanya na kukishika mkononi kama mtu anayevuka mto, na akatazama. Kizimba cha nondo kilikuwa kimefunika mkanda sasa. Akauliza, "Kama mmeuziba, suruali ya nini tena?"

Fundi alimwonyesha mahali ambapo wavu usingeweza kufika, kule ambako shafti, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na mkanda, inatoka na kuingia kwenye mashine, na ndiko pumba zinakofagiliwa. Akachukua gunia kuukuu, akalishika kwa vidole viwili na kulisogeza pale. Lilimtoka. Halikutoka kwa kuvutana. Lilikuwa mkononi, halafu halikuwepo, na kule kwenye shafti kulikuwa na donge linalozunguka. Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja. Wanaume wote waliacha kazi wakimtazama.

"Basi, nimeona," alisema. "Asanteni."

Tulipofika nyumbani alisonga ugali wa watoto, akawapakulia, kisha akaniambia, "Niletee ile nguo yako."

Nilidhani ataichoma. Aliniambia niivae. Nikaivaa mbele yake, chumbani kwake, mlango umefungwa, na nilitamani ardhi ipasuke. Ilikuwa imeshonewa mwanamume mnene. Mikono ilinipita vidole, miguu ilijikunja chini, kiuno kilipwaya. Alinizunguka kimya, akavuta kitambaa hapa na pale.

"Hii nayo itakushika," alisema. "Nguo kubwa ni kitenge tu cha aina nyingine."

Akachukua pini akaniweka alama. Jioni hiyo na kesho yake cherehani ililia. Alipunguza kiuno, akakata mikono na kuitia lastiki ili ikae kwenye kiwiko cha mkono bila kuning'inia, akafupisha miguu iishie ndani ya buti. Mifuko ya pembeni aliifumua akaiziba, kwa sababu, alisema, mfuko ni mdomo. Alichokishona mwisho kilikuwa koti refu jepesi la kitambaa cha khaki, la kufika magotini, lenye vifungo mbele.

"Hili la barabarani," alisema. "Ukifika mlangoni unalivua, unalitundika. Ukitoka unalivaa. Kule ndani hakuna barabara."

Jumapili, baada ya ibada, kina mama walipobaki kwenye kikao chao, alisimama. Sikumsikia mimi mwenyewe kwa sababu nilikuwa nje na watoto, lakini niliambiwa hakusema mengi. Alisema amekwenda kuiona mashine, na kwamba anayetaka ovaroli yake ipunguzwe ailete kwake pamoja na kitambaa cha koti. Mmoja aliuliza kama Maandiko hayakatazi mwanamke kuvaa mavazi ya mwanamume. Mama mkwe akamjibu kwamba yeye si mchungaji, lakini anavyojua, Mungu aliwavika ngozi Adamu na Hawa wote wawili, na hakuandika ya nani ilikuwa gauni. Mchungaji alikuwepo. Wanasema alitazama dirishani akaacha kikao kiendelee.

Si wote waliorudi kazini. Yule mama wa Igurwa hakurudi. Nilimkuta mnadani baadaye, akaniambia mume wake hakubadilika, basi. Wengine wawili walihamia kwenye meza ya kuchambua, ambako ovaroli haikulazimishwa. Tuliorudi tulipigiwa miluzi na waendesha baiskeli waliokuwa wanapeleka kahawa, hata koti likiwa limetufunika, kwa sababu mabuti yalituchongea. Kuna mmoja aliyeniita "bwana" kila aliponipita. Nilimjibu "shikamoo" kwa heshima zote mpaka akachoka.

Suruali tuliizoea kabla ya msimu kuisha. Kilichonishangaza ni kwamba kitambaa cha kuziba pua kilitushinda zaidi, na hakikuwa na aibu yoyote. Kilikuwa cha joto, kinaloa jasho, huwezi kuimba nacho wala kupiga soga. Mtu alikivuta hadi kidevuni mara moja, kisha akakisahau huko. Mzee mmoja aliyemimina kahawa juu ya mashine hakuwahi kukivaa. Alikuwa na kipaji cha kueleza mambo, mtu mwema, na alisema mapafu yake yameshazaliwa upya kwa vumbi. Tulicheka naye. Alianza kukohoa msimu uliofuata, kikohozi kikavu cha asubuhi, na kila mtu akasema ni tumbaku. Huenda ilikuwa tumbaku. Aliacha kazi, akawa anakaa kwenye kibanja chake akishindwa hata kupanda mwinuko wa kwenda kanisani.

Nimefikiria tofauti hiyo mara nyingi. Mkanda ulimchukua mwenzetu mbele ya macho yetu, ndiyo maana tulikubali hata kubadilisha mavazi tuliyorithi. Vumbi halikumchukua mtu mbele ya macho ya mtu. Liliingia na kutulia, na jioni uliliosha usoni ukaona umemaliza nalo. Mimi niliendelea kuvaa kitambaa changu, nakifua kila jioni na kukianika kwenye uzio, lakini sisemi nilikuwa na akili kuliko wenzangu. Mama mkwe alikuwa ananikagua mlangoni kila asubuhi, kama mtoto anayekwenda shule, na sikuweza kuondoka bila hicho kitambaa.

Mwenzangu alirudi baada ya muda mrefu, akichechemea. Mwenye kiwanda alimpa kiti kwenye meza ya kuchambua, mbali na mashine. Watu walimfurahia, wakamwomba Kinyarwanda chake, na alikitoa. Lakini injini ilipokuwa inawashwa asubuhi niliona kupitia mlangoni jinsi alivyoshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na hakuuachia hadi mlio ulipotulia. Alikuwa amevaa ovaroli ingawa mezani hakuna aliyemtaka aivae. Hakuwa na koti. Alitoka nayo nyumbani kwake hivyohivyo, akapita kisimani, akapita mbele ya duka, akichechemea na miguu yake miwili ikionekana, na sikuwahi kusikia mtu akimpigia mluzi.

Nilifanya kazi pale hadi kiwanda kilipohamishiwa kwingine. Miaka michache baadaye, mama mkwe akiwa mzee na macho yamepungua nguvu, nilikuwa namsaidia kutunga uzi kwenye sindano, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza: kama aliona aibu siku zile mkwe wake alipokuwa anapita barabarani na mabuti.

Aliendelea kulainisha kitambaa kilichokuwa mapajani mwake.

"Niliona," alisema. "Kila asubuhi niliona. Ulipokuwa unashuka kilima nilikuwa naingia ndani nisikutazame."

"Na jioni?"

"Jioni nilikuwa natoka."

Akanyoosha mkono apewe sindano. Tulikuwa tunashona sare ya mjukuu wake, na pindo la sketi lilikuwa bado.